Nyumba ya Msituni na Banda la Mlinzi

Nyumba za mapumziko zinazojengwa katikati ya miti, kwenye mteremko unaotazama bonde au kando ya maji, zimekuwa ndoto ya wengi wenye uwezo katika Afrika Mashariki. Kuanzia Lushoto hadi Diani, kuanzia Pangani hadi fukwe za Ziwa Viktoria, sura haitofautiani sana: kuta chache, vioo vipana, paa la makuti lililoinuliwa, sakafu ya mbao juu ya nguzo. Uzuri wake haukanushiki. Linalostahili kuhojiwa ni kwamba nyumba hizo hunadiwa kwa jina la afya, ilhali mara nyingi aliyezichora hakuulizwa swali hata moja la kitabibu.

Zamani swali hilo liliulizwa kwanza. Mwaka 1933, huko Paimio nchini Finland, ilifunguliwa hospitali ya kifua kikuu ndani ya msitu wa misonobari, iliyosanifiwa na Alvar Aalto akishirikiana na mkewe, Aino. Dawa ya kuua vimelea vya ugonjwa huo haikuwapo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Jengo lenyewe lilitarajiwa kuwa sehemu ya tiba. Kwa kuwa mgonjwa alilala chali kwa muda mrefu, dari ilipakwa rangi ya kijani iliyotulia. Beseni la kunawia liliumbwa hivi kwamba maji yasipige kelele na kumsumbua mgonjwa wa kitanda cha pili. Usanifu ulianza na mwili wa mgonjwa. Wanaoiga majengo ya aina hiyo leo wamechukua vioo na miti, wakamwacha mgonjwa nje.

Kwamba mandhari husaidia si porojo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 wa Marekani waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo: wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mdogo, na haufai kubebeshwa mzigo usio wake. Hoja ya hewa ina nguvu zaidi. Huko Lima, Peru, watafiti walikuta kwamba wodi za kale zenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya vilivyotegemea mashine, jambo lenye uzito mkubwa pale penye kifua kikuu.

Lakini dirisha linalomkaribisha upepo humkaribisha pia mbu, na hapa ndipo mtindo huu unapoanguka. Mbu mkuu wa malaria Afrika huingia hasa kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Mwanya huo ndio hupanuliwa kwa makusudi katika nyumba za makuti, ili pawe na ubaridi na mwonekano. Kuuziba kwa matofali si suluhisho, maana joto hupanda na wenye nyumba hushindwa kulala ndani ya chandarua. Wavu hutosha: hewa hupita, mbu hubaki nje. Nguzo nazo zina faida ambayo wachoraji wengi hawaijui. Majaribio ya vibanda vya kuinuliwa nchini Gambia yalionyesha kwamba kadiri chumba kilivyopanda juu, ndivyo mbu walioingia walivyopungua. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja kwa ajili ya familia za vijijini, vyumba vya kulala vikiwa juu na kuta zikiwa na wavu unaopitisha hewa. Watoto wake wamepata malaria kwa uchache kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Ni nyumba za kisasa kuliko nyingi zinazopigwa picha kwa ajili ya watalii.

Milimani, ambako baridi humdhoofisha mbu, hatari ni nyingine. Nyumba iliyofungwa vioo pande zote hupoa usiku, na mgeni huomba jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Anayeamka na kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, na wenzake wa chumba wakiwa vivyo hivyo, asipewe dawa ya malaria kabla ya kuulizwa kuhusu jiko hilo.

Kisha kuna banda la nyuma. Katika viwanja vingi vya aina hii chumba cha mgeni kina wavu na feni, wakati mlinzi na mpishi, ambao hulala hapo mwaka mzima, wana chumba cha bati kisicho na dari, sakafu ya udongo na mwanya wazi chini ya paa. Katika maeneo yenye papasi, nyufa za sakafu na kuta za namna hiyo ndizo maficho yao, na homa inayokuja na kuondoka hufuata. Mgeni hulala usiku mbili akaondoka. Mlinzi hubaki na vimelea, na mbu aliyemuuma huweza kumfikia mgeni ajaye akiwa barazani jioni. Mmiliki asiyeguswa na haki na aguswe walau na hesabu hiyo: wavu wa chumba kimoja ni nafuu mno ukilinganisha na kioo kimoja cha sebuleni.

Mhudumu wa zahanati iliyo jirani na viwanja hivyo huwaona walinzi hao mara kwa mara. Anapokuja mmoja wao na homa kwa mara ya tatu katika msimu mmoja, pamoja na kipimo na dawa aulizwe analala wapi, paa lake limekutana vipi na ukuta, na sakafu yake ni ya nini. Jibu liandikwe katika faili, na kwa ridhaa yake mwajiri apelekewe ujumbe.