Darasa la Nesi, sehemu ya 9: Mama nenda kwenye tamasha, ila masikio ya mtoto yalindwe

Leo naweka chanjo pembeni, tuongelee muziki. Najua wengine mtanuna.

Agosti 2025 nilienda kuwaona Coldplay uwanja wa Wembley, hapa London ninakofanyia kazi. Nawapenda tangu albamu yao ya kwanza, Parachutes, ya mwaka 2000. Miaka 25 jamani! Wamenisindikiza chuo cha uuguzi, zamu za usiku, mpaka mimba zote mbili. Nilipoaga tu, meseji zikaanza: "Mama mzima, rock ya nini? Watoto umemwachia nani?" Nimemwachia baba yao. Ana mikono miwili na nepi anabadilisha vizuri tu.

Msimamo wangu wa kwanza ni huu: ukizaa, wewe bado upo. Kuimba hadi sauti ikauke, bangili za taa zikiwaka kwenye mikono ya uwanja mzima, ni pumziko halali kabisa. Unanyonyesha? Kamua mapema. Maziwa yakiwekwa kwenye friji mara moja yanafaa hadi siku 4. Nenda mama.

Msimamo wa pili ndio wenye uzito. Safu ya mbele yangu kulikuwa na mtoto wa kama miaka sita, amelala begani kwa baba yake, masikio wazi, spika zinanguruma. Watu wanatabasamu: "Ona, kashazoea." Hajazoea! Macho yanafumba, masikio hayafumbi. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo laini zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 100 mtu mzima asiisikilize zaidi ya dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Tamasha linakwenda saa mbili.

Wanamuziki wenyewe wanalijua hili. Chris Martin, mwimbaji wa Coldplay, ameshasema hadharani kwamba masikio yake yanavuma kwa miaka mingi. Mwaka 2005 kwenye tamasha la Live 8, Hyde Park, binti yake wa mwaka mmoja alipigwa picha akiwa na vifunika masikio vikubwa. Kama mtoto wa mwenye bendi anafunikwa masikio, wa kwako je?

Najua wengi wenu Wembley hamfiki. Lakini spika za harusi, kipaimara na mkesha mnazijua. Sikio la mtoto halijui kama ni rock au ni singeli, linajua ukubwa wa sauti tu. Basi shika haya:

1. Kichanga abaki nyumbani. Usisubiri alie ndipo ujue kelele imezidi.
2. Mtoto mkubwa avae vifunika masikio, vile vya kukaa kichwani kama hedifoni. Vizibo vidogo vya kuingiza sikioni si vya mtoto mdogo, anaweza kukitoa akakimeza kikampalia.
3. Pamba si kinga. Inapunguza kelele kidogo mno.
4. Kaeni mbali na spika, mtoke nje mara kwa mara masikio yapumzike.
5. Na wewe mama, weka vizibo. Mimi nilivaa, na kila wimbo niliusikia vizuri.

Masikio yakivuma baada ya sherehe, hilo ni onyo. Yakiendelea kesho yake, au mtoto akawa haitiki ukimwita, mpeleke hospitali akapimwe usikivu.

Utaniambia, "Sisi tulikulia kwenye ngoma na hatujafa." Kweli hatujafa. Ila hesabu wajomba na shangazi wangapi nyumbani kwenu unawasemesha mara tatu ndipo wakusikie.

Mtumie mwenzio mwenye sherehe wikiendi hii. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.