Tairi lipimwe kwa daftari, si kwa mdomo

Foleni inaposimama Malaba, Namanga au Rusumo, madereva hushuka. Baada ya salamu na kuulizana hali ya barabara, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye matairi. Mmoja hupiga teke tairi la gari la mwenzake na kumuuliza amelinunua wapi. Wa pili huapa kwamba la Japani halina mpinzani. Wa tatu husema alifunga ya Kichina mwaka jana na hadi leo yana meno. Wa nne, mwenye Probox iliyojaa nyanya, husema yeye hununua ya mtumba, na Mungu ndiye mlinzi.

Gazeti hili haliyaoni mazungumzo hayo kuwa porojo. Kwa mfanyabiashara wa mpakani huo ndio ushauri pekee anaoupata bila kulipia. Dukani huambiwa saizi na bei, basi. Dereva aliyelitumia tairi miezi kumi anajua mengi kuliko muuzaji aliyelipokea jana kutoka kwenye kontena.

Ushauri huo unahitajika zaidi leo kuliko zamani. Kulikuwa na wakati ambapo eneo hili lilijitengenezea matairi. Arusha ilikuwa na kiwanda cha General Tyre. Nairobi kulikuwa na kiwanda cha Firestone, ambacho baadaye kilikuwa cha Sameer na kutoa matairi ya Yana. Kile cha Arusha kilisimamisha uzalishaji zaidi ya miaka kumi iliyopita, na Sameer ilifunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Sasa matairi ya magari madogo yanatoka China, India, Japani, Thailand na kwingineko, na majina ni mengi kiasi kwamba hata fundi wa pancha hawezi kuyataja yote. Katika hali hiyo, neno la dereva mwenzako ni mali.

Tatizo ni kwamba neno hilo mara nyingi halina vipimo. Madereva wanalinganisha vitu visivyolingana, na anayelipa gharama ya kosa hilo ni mwenye mzigo.

Kosa la kwanza ni kulinganisha bei ya dukani badala ya bei ya safari. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme tairi moja linauzwa shilingi 9,000 za Kenya na linakwenda kilomita 30,000 kabla ya kuwa kipara. Lingine linauzwa 14,000 na linakwenda kilomita 60,000. Anayetazama mfuko wake siku hiyo atalichukua la kwanza. Lakini la kwanza linamgharimu senti 30 kwa kila kilomita, na la pili takriban senti 23. Gari lenye matairi manne likitembea kilomita 60,000, mwenye ya bei ya chini atakuwa amenunua seti mbili kwa shilingi 72,000, na mwenzake seti moja kwa 56,000. Tofauti ni shilingi 16,000, na hapo hatujahesabu siku aliyolala njiani akisubiri fundi huku nyanya zikiiva ndani ya gari.

Kosa la pili ni kusahau barabara na mzigo. Dereva wa Namanga hadi Arusha anakimbia kwenye lami iliyonyooka na jua kali. Dereva wa Katuna hadi Kabale anapanda na kushuka milima, kona baada ya kona, mara nyingi kwenye mvua. Wote wawili wanaweza kufunga tairi lile lile, mmoja akalisifu na mwingine akalilaani, na wote wakawa wanasema kweli. Sifa ya tairi bila jina la barabara ni nusu ya habari.

Mzigo nao una namba yake. Kwenye ubavu wa tairi, mara tu baada ya saizi, kuna namba ya tarakimu mbili au tatu ikifuatwa na herufi. Namba hiyo huonyesha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba likiwa na upepo wa kutosha. 84 ni kilo 500, 88 ni kilo 560, na 91 ni kilo 615. Probox ya mizigo ilitengenezwa Japani kubeba kilo 400. Sote tumeona inavyobebeshwa huku kwetu hadi tumbo linagusa lami. Matairi mawili ya nyuma yenye namba 84 kikomo chake kwa pamoja ni kilo 1,000, na ndani ya hizo kuna sehemu ya uzito wa gari lenyewe. Aliyezidisha hapo, kisha tairi likapasuka, hana haki ya kusema tairi lile ni bovu. Amelipa mtihani ambao halikutengenezewa.

Kosa la tatu ni kutouliza umri. Tairi huzeeka hata likiwa ghalani. Mpira hukauka, hupata nyufa ndogo, na siku ya joto kali likibebeshwa mzigo huachana tabaka kwa tabaka. Tarehe ya kuzaliwa kwake imeandikwa ubavuni: tafuta herufi DOT, kisha tazama tarakimu nne za mwisho. 3517 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi liondolewe miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama bado lina meno.

Hapa ndipo tairi la mtumba linapowadanganya wengi. Magari yaliyotumika hushuka Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na matairi yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda kikomo ni miaka 15. Gari likiwa na miaka 8, na tairi lake linaweza kuwa na miaka hiyo hiyo. Baadhi ya magari ya Japani huja na matairi ya theluji, ambayo ubavuni yameandikwa STUDLESS au yana mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye baridi. Dereva akilifunga siku ya kwanza hufurahi, kwa kuwa gari linakwenda kimya na kwa ulaini. Kwenye lami ya moto ya Voi au Dodoma huisha upesi kama kifutio. Naye hurudi mpakani kuwaambia wenzake kwamba matairi ya Japani siku hizi hayadumu.

Kosa la nne ndilo linaloua. Madereva wetu hulisifu tairi kwa kudumu, na ni wachache wanaouliza linasimamaje kwenye mvua. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja kila mara. Mpira mgumu huchelewa kuisha, lakini mara nyingi huteleza upesi lami ikilowa. Ulaya iliona haja ya kumwambia mnunuzi jambo hili, na tangu Novemba 2012 matairi mapya ya magari madogo huuzwa yakiwa na lebo inayoonyesha ulaji wa mafuta, kushika kwenye maji, na kelele. Kwa vipimo vya lebo hiyo ya kwanza, gari dogo likikanyaga breki kwenye lami yenye maji kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tofauti kati ya daraja la juu na la chini inaweza kufika mita 18. Mita 18 ni urefu wa Probox nne zilizopangwa foleni. Mtoto anayevuka barabara anaweza kuwa ndani ya mita hizo.

Marekani nayo ina madaraja yake, na kwa kuwa viwanda huuza duniani kote, matairi mengi yanayofika kwetu yanayo ubavuni. Yapo matatu. Namba ya uchakavu, kama 200 au 400, ambapo ya 400 kinadharia hudumu mara mbili ya 200. Kisha herufi ya kushika breki kwenye maji, kuanzia AA hadi C. Mwisho herufi ya kustahimili joto, kuanzia A hadi C. Namba ya uchakavu hupangwa na kiwanda chenyewe, hivyo ni salama zaidi kuitumia kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja. Lakini kwa anayebeba abiria au mzigo kwenye joto letu na mvua zetu, herufi hizo mbili zinastahili kusomwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kuna jambo la tano, ambalo si kosa la tairi hata kidogo: upepo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, hupata joto na hupasuka. Lenye upepo uliozidi huliwa katikati. Gari ambalo alainimenti yake imekwenda upande hula tairi bega moja. Watu wawili wakilinganisha matairi, mmoja anapima upepo kila Jumatatu asubuhi gari likiwa baridi, mwingine anapima kwa teke, hapo hawalinganishi matairi bali tabia zao. Kipimo sahihi kwa kawaida kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu, si kipimo cha kila siku.

Tunapendekeza nini basi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara anayeandika kila gunia na kila debe hana sababu ya kuacha kuandika tairi. Siku ya kulifunga, aandike jina na saizi yake, tarakimu nne za umri, bei na fedha aliyolipia, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, na njia anayoipita zaidi. Siku ya kulitoa, aandike kilomita tena na sababu ya kulitoa: limeisha sawasawa, limeliwa upande, au limepasuka. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijikuta vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha na safari yake ihesabiwe hapo. Kilomita za kipara zisihesabiwe kama sifa.

Daftari moja ni msaada kwa mtu mmoja. Madaftari hamsini yakikutanishwa ni hazina ya mpaka mzima. Vyama vya madereva na wafanyabiashara vya Busia, Mutukula, Gatuna na Goma vinaweza kufanya hivyo bila kusubiri mfadhili. Kila mwezi orodha ibandikwe ofisini: tairi gani, njia gani, mzigo gani, kilomita ngapi. Mwenye kukodi gari kubeba dagaa wa Kirumba kwenda Kigali naye apate pa kutazama kabla ya kupakia. Yeye ndiye atakayepata hasara tairi likipasuka, hata kama gari si lake.

Tunajua hoja ya upande wa pili. Mama anayeanza na mtaji mdogo hana pesa ya matairi manne mapya, na kumwambia aache mtumba ni kama kumwambia aache biashara. Hoja hiyo ina uzito. Lakini anayenunua mtumba wa miaka tisa hajaokoa pesa, ameahirisha malipo tu, na siku ya kulipa hakuichagua yeye. Afadhali anunue mawili mapya sasa na mawili msimu ujao, au chama chake cha kuweka na kukopa kichukue matairi kwa jumla ili bei ishuke.

Serikali zetu zina deni kubwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inayataja matairi yaliyotumika ya magari ya abiria na ya mizigo midogo katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Hata hivyo yamepangwa kando ya barabara kama machungwa. Marufuku isiyotekelezwa ina hasara mbili: haimlindi mnunuzi, na inampa askari sababu ya kumsumbua mnyonge. Aidha isimamiwe bandarini, ambako kontena hufunguliwa, au serikali ziseme wazi zitafanya nini na matairi yanayoshuka na magari.

Ipo pia Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na vipimo, ambayo lengo lake mojawapo ni alama ya ubora ya nchi moja mwanachama kutambuliwa na nyingine. Mashirika ya viwango ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi yakae pamoja yatoe lebo moja ya tairi: umri, uzito, daraja la kushika kwenye maji. Na iandikwe kwa Kiswahili. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka lugha hii ikuzwe iwe ya mawasiliano kati ya watu wetu. Haitakuzwa kwa hotuba peke yake. Itakuzwa dereva wa Bujumbura na dereva wa Mombasa watakaposoma neno moja kwenye tairi moja na kuelewana.

Lebo hiyo inaweza kuchukua miaka. Daftari linauzwa dukani leo, na kalamu unayo. Kesho foleni itakaposimama na mwenzako akakuuliza tairi lako likoje, usimjibu kwamba ni zuri. Mwambie limekwenda kilomita ngapi, kwenye njia ipi, likiwa na mzigo gani, na kwenye mvua lilisimama vipi.