Pilau ya Noeli si Adui wa Mgonjwa



Noeli iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, mkoani Ruvuma. Tulitoka Misa ya asubuhi, tukaketi sebuleni na wageni wachache kutoka jumuiya yetu ndogo ndogo. Pilau ikaletwa kwenye sinia, kuku wa kienyeji wa mchuzi, kachumbari, majani ya maboga ya karanga, na kreti ya soda. Nikaombwa kubariki chakula. Nilipofumbua macho nikagundua kwamba mama hayupo.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakula ugali wa dona na mboga za kuchemsha zisizo na chumvi. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kupika vyote vile. "Endelea na wageni, mwanangu," akaniambia, "mimi na sukari yangu hii chakula cha sikukuu si changu tena." Hakuna aliyemkataza kula. Alijikataza mwenyewe, nasi tukamwacha.

Mwezi Januari nilimsindikiza kliniki kabla ya kurudi seminarini. Muuguzi alimuuliza anakula nini. Mama akaeleza kwa fahari jinsi alivyoikimbia pilau. Muuguzi akacheka kwa upole, akachukua karatasi, akachora sahani. Nusu ya sahani mboga, robo nyama au maharage, robo iliyobaki wanga: wali, ndizi au ugali. "Mama, hata ugali wako ni wanga," akamwambia. "Tatizo si pilau. Tatizo ni sahani iliyojaa pilau tupu, halafu soda juu yake."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nimefikia msimamo ambao ningependa tuujadili kabla Noeli nyingine haijafika. Chakula chetu cha sikukuu kina faida nyingi kuliko tunavyodhani, ila tunakipanga vibaya mezani. Kwa sababu hiyo tunawapoteza wagonjwa wetu siku ambayo walipaswa kuwa katikati yetu.

Tuanze na kachumbari. Wengi tunaiona kama pambo la pembeni, kijiko kimoja tu juu ya wali. Lakini nyanya mbichi na ndimu zina vitamini C, na vitamini hiyo husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Nyama nayo, hata kipande kidogo, hufanya kazi hiyohiyo inapoliwa pamoja na mboga. Kwa akina mama na watoto wenye upungufu wa damu, sahani ya sikukuu yenye nyama kidogo, majani na kachumbari ni msaada wa kweli. Kinachoharibu ni chai ya rangi tunayoishushia chakula hicho, kwa maana chai huzuia chuma kunyonywa. Isubiri walau saa moja.

Utaratibu wa kula pia una maana. Utafiti umeonyesha kwamba mtu akianza na mboga na nyama, kisha akamalizia na wanga, sukari yake ya damu hupanda taratibu kuliko akianza na wali. Ni chakula kilekile. Kilichobadilika ni kipi kimetangulia. Basi kachumbari na majani ya maboga yapakuliwe kwanza, sinia la pilau lifuate.

Majani ya maboga yenyewe tunayadharau siku ya sikukuu kwa sababu ni chakula cha kila siku. Ndiyo kwanza mvua zimeanza na majani ni teke. Yana nyuzinyuzi, na yana viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Viini hivyo huhitaji mafuta ili vinyonywe, na mafuta hayo yamo kwenye karanga. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kuunga mboga kwa karanga. Maembe, ambayo Desemba ndio msimu wake, yana viini hivyohivyo, nayo yakifuata baada ya chakula hayana haja ya sukari yoyote.

Viungo vya pilau navyo vinasemwa mengi: mdalasini, karafuu, iliki, bizari nzima, pilipili manga. Hapa niwe mkweli. Wapo wanaouza mdalasini kama dawa ya kisukari, lakini matokeo ya utafiti juu yake hayalingani, na hakuna anayepaswa kuacha vidonge vyake kwa ajili ya viungo. Faida ya uhakika ni nyingine na ni rahisi kuiona: chakula chenye viungo vya kutosha hakihitaji chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai. Kwa wazee wetu wenye presha, pilau iliyokolea viungo na kupungua chumvi ni bora kuliko mchuzi uliotiwa viungo vya kiwandani, ambavyo mara nyingi ni chumvi kwa sehemu kubwa.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya kiporo. Wali uliopikwa ukapoa, sehemu ya wanga wake hubadilika na kuwa mgumu kusagwa tumboni. Haugeuki sukari haraka, bali hushuka hadi utumbo mpana na kuwalisha bakteria wema waliomo. Ukiupasha moto, sehemu ya wanga huo hubaki hivyohivyo. Kwa hiyo pilau ya tarehe 26, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, inaweza kuwa na nafuu kidogo kuliko ya jana yake. Lakini kuna hatari: wali ukilala kwenye sufuria jikoni huota vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukipashwa. Kiporo salama ni kile kilichopozwa mapema na kuwekwa kwenye friji. Asiye na friji apike kinachotosha, na kinachozidi akipeleke kwa jirani siku ileile. Hapo afya na upendo wa jirani vinakwenda njia moja.

Na soda je? Chupa moja ya kawaida ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linaona ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku. Mtoto anayekunywa chupa tatu siku ya Noeli hatumfurahishi, tunamwonea. Huku kwetu tuna togwa. Uchachu wake hupunguza vitu vinavyozuia madini ya nafaka kunyonywa, na huwapa shida vijidudu vya kuharisha. Mwenye kisukari anywe kikombe kidogo tu, kwa kuwa nayo imetoka kwenye nafaka, au anywe maji. Inasikitisha kuona katika sherehe zetu za parokia togwa ikionekana ni kinywaji cha wasio na uwezo, na soda ikawekwa meza kuu.

Wapo watakaosema kwamba frateri anatafuta kisingizio cha ulafi. Nawajibu kwa mwalimu wetu sote, Mtakatifu Thoma wa Akwino. Alipofundisha juu ya kiasi, alionyesha kwamba ulafi hauhusu wingi peke yake: mtu hukosea pia kwa kula kwa pupa, au kabla ya wakati, au kwa kudai vyakula vya gharama na mapishi ya kuchagua mno. Lakini alifundisha vilevile kwamba kuikataa furaha ya chakula bila sababu, kinyume na mpango wa maumbile, nako ni kasoro. Kiasi ni fadhila inayokaa katikati. Mama yangu pale kwenye kigoda hakuwa na ulafi, lakini sisi tuliokuwa sebuleni hatukuwa na kiasi. Wala hatukuwa na macho.

Mtakatifu Benedikto aliliona hili mapema. Katika Kanuni yake, sura ya 39, aliagiza ziwepo mezani aina mbili za chakula kilichopikwa, kwa kujali udhaifu wa watu mbalimbali, ili asiyeweza kula hiki apate kula kile. Hakusema mdhaifu apelekwe kula peke yake. Alibadilisha meza ili mdhaifu abaki mezani.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa familia zetu na kwa sherehe za vigango na parokia. Mboga ziwe nyingi, nazo zipakuliwe kwanza. Chumvi ipungue, viungo viongezeke. Maji na togwa viwe meza moja na soda, au soda ikosekane kabisa. Baada ya kula tusilale: twende kwa miguu kuwasalimia majirani na wagonjwa kama ilivyo desturi yetu, kwa kuwa matembezi baada ya chakula hushusha sukari ya damu. Na mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo amuulize mhudumu wake wa afya mapema kiasi kinachomfaa, badala ya kujihukumu mwenyewe.

Mwaka huu nimeshamwandikia mama. Nimemwambia kachumbari nitakata mimi, na kigoda cha jikoni nitakificha. Atakaa sebuleni karibu na wageni wake, na sahani yake itakuwa na pilau, robo tu kama alivyochora muuguzi.

Noeli njema kwenu nyote.