Lami Ibaki Barabarani

Tangu koperative zetu za Mboko zianze kuulizia briketi, swali moja linarudi kila mukutano: vumbi ya makala tuishikamanishe na nini? Jibu linalosikika sana siku hizi ni lami, ile wengine tunaita gudroni, ama mafuta machafu ya moteri. Mimi napinga. Lakini wale wanaoitaka wana sababu, na tuanzie hapo.

Sababu ya kwanza ni tumbo. Unga wa muhogo ukipikwa uji unashika vizuri sana, na kwa kilo 100 za vumbi unahitaji kilo 4 mpaka 8 hivi. Lakini ule unga ni bugali. Mama gani atafurahi kuona kilo 5 za unga zinaingia ndani ya mbabula, na watoto wanauliza chakula? Sababu ya pili ni mvua. Briketi ya muhogo ikilowa inarudi tope, ikiwekwa vibaya inaota ukungu. Ya lami haiogopi maji. Hapo wanasema kweli kabisa.

Tena jambo lenyewe si geni. Kule Wales, Uingereza, kiwanda cha Phurnacite cha Abercwmboi kilikuwa kinachanganya vumbi ya makala ya mawe na lami iliyotoka kwenye makala ya mawe, tangu 1942 mpaka 1990. Lakini munajua walifanya nini kisha kukamua? Walizirudisha ndani ya tanuru, ule moshi wa lami utoke kwanza. FAO nayo, katika kitabu chake cha 1983 juu ya kuchoma makala, ilisema hivyohivyo: briketi ya lami lazima ichomwe mara ya pili mbele ya kutumiwa, na inakuwa nzuri lakini ya gharama. Nani hapa Mboko ana tanuru ya namna ile?

Na wenye tanuru hawakupona wote. Mwaka 2012 mahakama kuu ya kule ilikubali kwamba vumbi na moshi wa kiwanda kile viliwaletea baadhi ya wafanyakazi magonjwa ya mapafu. Kama ni hivyo kwa watu wa kiwanda, mama anayepika ndani ya jiko la matope lenye dirisha moja atakuwaje?

Wengine watanijibu kwamba lami ya barabara inatoka kwa petroli, si ileile. Ni kweli. Lakini iwashe uone moshi wake. Mafuta ya moteri ndiyo mabaya zaidi, juu yanabeba mabaki ya vyuma. Na sisi ni watu wa ziwa: tunakausha samaki kwa moshi. Uchafu wa moshi wa namna ile unashika kwenye mafuta ya samaki, na ndani yake muna vitu vinavyoleta kansa. Mukeke utauzwa Uvira, ugonjwa utakwenda nao.

Basi tufanye nini? Kule Nairobi, mtaa wa Kahawa Soweto, watu wanachanganya vumbi ya makala na udongo tu, sehemu 80 kwa 20, wanaianika juani. Watafiti wa ICRAF walipima: kupikia nyumba ya watu 5 mahindi na maharagwe kuligharimu shilingi 3 za Kenya kwa briketi hizo, na shilingi 26 kwa makala ya kawaida. Moshi pia ulipungua. Udongo unaleta majivu mengi na moto wake si mkali, hilo tusifiche. Kwa kupika maharagwe inatosha. Kwa kukaanga haraka, hapana.

Na muhogo si lazima uwe ule wa kula. Kila mashini ya kusaga inafagia unga uliomwagika chini. Kuna maganda, kuna mizizi iliyooza nusu. Vichemshe nje, vinashika. Maganda ya ngazi za mawese nayo yanachomwa yanakuwa makala mazuri, na tunayatupa. Milima inazidi kubaki wazi. Tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015 midomo imeongezeka, na wakimbizi nao wanapika kama sisi; siwalaumu.

Inabaki mvua. Dawa ya mvua ni mabati. Tukamue nyingi wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 6, tuzipange juu ya vitanda vya miti ndani ya hangari. Pesa ya lami inunue bati.

Na hapa nasema na wafadhili, hata wale wanaochapisha gazeti hili: musituletee mashini ya kukamua mbele ya hangari. Mashini bila paa ndiyo itakayomfanya mwanachama, siku ya mvua ya kwanza, aende kutafuta lami.