Ruhusa ni ya kiti, siyo ya mtu

Leo siongelei boom wala foleni ya kantini, leo nina hoja moja tu: vikundi vyetu vya kazi hapa chuo havifi kwa uvivu peke yake. Vingi vinakufa kwa sababu hakuna anayejua nani ana ruhusa ya kugusa nini.

Siku hizi kila kitu tunakiweka mtandaoni. Kazi za vikundi zipo Google Drive, maandalio ya TP yapo Google Drive, mpaka daftari la michango ya chama lipo hukohuko. Na utaratibu wetu ni uleule: mmoja anafungua faili kwa akaunti yake binafsi, anaongeza barua pepe za wenzake moja moja, wote anawapa uwezo wa kuhariri, basi. Au mbaya zaidi, anafungulia yeyote mwenye linki, halafu linki anaitupa kwenye WhatsApp ya darasa zima. Hiyo ni sawa na kuacha ufunguo wa chumba chini ya zulia la mlangoni na kuwatangazia jirani wote.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kikundi kina watu 8 na mafaili 12. Ukimpa kila mtu ruhusa kwa kila faili, una ruhusa 96 za kutunza. Mmoja akihamia kikundi kingine, inabidi upite mafaili yote 12 kumtoa. Nani atafanya hivyo wiki ya mitihani? Hakuna. Kwa hiyo jamaa ameondoka, lakini mkono wake bado unafika kila mahali.

Dawa yake ipo na haina gharama. Unafungua kundi kwenye Google Groups, kundi linapata anwani yake ya barua pepe. Mafaili unayaweka kwenye folda moja, na folda hiyo unaifungulia anwani ya kundi, mara moja tu. Akija mtu mpya unamwingiza kwenye kundi, anayakuta yote. Akitoka unamtoa kwenye kundi, na milango inajifunga yenyewe. Kazi ya sehemu 12 imekuwa ya sehemu moja.

Sisi wa ualimu hili lisitupe shida kulielewa. Fikirieni mwalimu wa zamu. Kila wiki anabadilika, lakini kitabu cha zamu, kengele na mamlaka ya mstarini havibadiliki. Mkuu wa shule haandiki barua mpya kila Jumatatu kueleza Mwalimu fulani sasa anaruhusiwa kufanya nini. Mamlaka yako kwenye zamu, mtu anayakuta na kuyaacha hapo.

Na watu wa kompyuta walishaliwaza zamani. Mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970 unagawa watu wa kila faili mafungu matatu: mwenye faili, kundi, na wengine wote. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni inayofuatwa mpaka leo, kwamba kila mtu apewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wakaeleza mfumo ambao ruhusa zinafungwa kwenye wadhifa badala ya jina la mtu. Yaani mwalimu wa zamu huyohuyo!

Sasa mtauliza, dada/kaka, hili nalo la kuandikia? Ngoja niwape kisa. Kuna chama kimoja cha wanafunzi (sitakitaja) ambacho mimi ni mwanachama. Kina mfuko wa kusaidiana kwenye misiba. Daftari la michango lilikuwa kwenye akaunti binafsi ya mhazini aliyekwishamaliza chuo. Mwenzetu akafiwa na baba. Mhazini mpya hana ruhusa, hajui nani katoa na kiasi gani, na yule wa zamani yupo shule ya mbali ambako mtandao unakuja na kwenda. Siku nne jamani! Mwenzetu alisafiri kwenda kuzika kwa nauli ya kukopa, wakati michango yake mwenyewe ya miaka miwili ipo. Hapo hakuna mwizi, hakuna mtu mbaya. Kuna ruhusa iliyopewa mtu badala ya kiti.

Na kuna hatari kubwa zaidi ya kusubiri. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Faili la Drive lina mmiliki mmoja. Akaunti yake ikifutwa, daftari linakwenda nayo.

Najua wapo watakaosema, "huo urasimu, sisi ni marafiki, kumnyima mtu kuhariri ni dharau." Siyo dharau. Drive ina ngazi: kutazama, kutoa maoni, kuhariri. Anayetoa maoni bado anasikika, ila hafuti kazi ya mwenzake kwa bahati mbaya. Anayehariri, kwa kawaida, anaweza pia kuwaongeza wengine, mpaka mmiliki azuie. Kwa hiyo ukimpa mtu kuhariri umempa na uwezo wa kuchonga funguo. Sasa kwa nini umpe kila mtu?

Sisemi makundi hayana ubaya wake. Ukimwingiza mtu siye, anapata vyote kwa mpigo. Ndiyo maana lisiwe kundi moja la kila kitu. La viongozi liwe lake, la wanachama lake, na kuingia kuwe kwa kualikwa tu.

Mapendekezo yangu ni haya. Chama kiwe na akaunti yake yenyewe, na mafaili yamilikiwe na akaunti hiyo. Kila kundi liwe na wasimamizi wawili, maana mmoja akiumwa au akipoteza simu kazi isilale. Kila mwanzo wa semista orodha ipitiwe, waliomaliza watolewe kwa heshima. Na siku ya makabidhiano ya uongozi, pamoja na muhuri na daftari la benki, nenosiri na namba ya simu ya kulirejeshea vibadilishwe hapohapo, mbele ya watu.

Wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Kesho tutakuwa makazini, tumeshika matokeo na taarifa za watoto wa watu, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwalimu ambaye hajajifunza kufunga mlango wa folda ya watu 8 atafungaje wa shule ya watoto 800?

CR na makatibu, semista ijayo naanza na nyie. Hoja ijibiwe kwa hoja, matusi pelekeni kantini :-)

Nawasilisha.