Waimbaji Wapya Watatoka Wapi?

Katika parokia nyingi twasikia lalamiko moja: kwaya yapungua. Mmoja ameolewa mbali, mwingine amehamia mjini kutafuta kazi, na waliobaki sauti zao zaanza kuchoka. Jumapili padre hutangaza, “Apendaye kuimba na aje.” Watu husikia, huenda zao, wala haji hata mmoja. Je, hawapendi kuimba? Sivyo. Kila mtu hudhani aliyeitwa ni jirani yake.

Basi, mwimbaji yafaa aitwe kwa jina lake. Wanakwaya na wagawane nyumba za jumuiya zao, waende wawili wawili, wawaambie wazazi, “Tumekuja kumwomba kijana wenu.” Nao wazazi wana haki ya kuuliza: Mazoezi yatakwisha saa ngapi? Nani atamfikisha binti yetu nyumbani? Sare ni bei gani? Yajibiwe hayo mapema. Mazoezi yaishe kabla jua halijatua, na asiye na fedha ya sare aimbe na nguo yake safi. Mtoto wa maskini akizuiwa na kitambaa, kwaya imepoteza zaidi ya sauti moja.

Tena wako waliokuja kwa hiari, wakaambiwa siku ile ile, “Sauti yako haifai.” Hao hawarudi tena. Ninyi walimu mwajua ya kuwa hakuna mtoto aliyezaliwa akijua kusoma. Sikio nalo hufunzwa, kama mkono ufunzwavyo kuandika. Mgeni na aketi kati ya waimbaji wawili hodari wa sauti yake, asikilize zaidi ya kuimba, apewe miezi mitatu kabla ya kupimwa. Nota nazo zifundishwe ubaoni, do, re, mi, wala si kwa kukariri tu. Maana anayejifunza kuzisoma leo aweza kuwa mwalimu wa kwaya kesho.

Tukumbuke pia ya kuwa Kanisa lenyewe limeufungua mlango wa kwaya hatua kwa hatua. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, Papa Pio X alitoa agizo juu ya muziki mtakatifu. Katika agizo lile wanawake hawakupewa nafasi katika kwaya. Sauti za juu ziliachiwa wavulana. Lakini maagizo ya Roma ya tarehe 5 Machi 1967 yakasema wazi kwamba kwaya yaweza kuwa ya wanaume na wavulana, au ya wanaume na wanawake pamoja, hata ya wanawake peke yao panapo haja. Mlango uliofunguliwa hivyo, sisi tusiufunge kwa majivuno ya wakongwe na upendeleo wa jamaa.

Mwisho, neno kwa wazazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba kwaya zikuzwe kwa bidii, na waamini wote nao washiriki kwa kuimba sehemu iliyo yao. Shule ya kwanza ya kuimba ni sala ya jioni nyumbani. Imbeni hapo wimbo mmoja tu kila siku; mtoto aliyezoea kusikia sauti yake mbele ya baba na mama hataogopa kuitoa kanisani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mwanakwaya na alete jina moja kabla ya mwezi huu kwisha, na kila nyumba iulizane jioni ya leo: Kwetu atatoka nani?