Ng'ombe wa Usaili

Wazazi wa Kilimatinde, tunasikia ng'ombe anauzwa ili mtoto "asaidiwe" kwenye usaili. Hiyo ni rushwa, na Sheria ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji sawasawa na mpokeaji. Hofu yenu twaielewa: Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70. Lakini kwa hongo mnamnyang'anya nani? Yatima wa jirani, aliyesoma kwa kibatari! Fedha hiyo imfikishe kijana siku moja kabla, na vyeti halisi mkononi, akiwa ameyasoma majukumu yaliyomo katika tangazo. Asilolijua aseme halijui. Wasaili hutambua ubabaishaji upesi. Nanyi viongozi wa jumuiya mnaobeba bahasha, zirudisheni kwa wenyewe.